Soga ya Chumba cha Ultrasaundi

Chumba cha ultrasaundi cha hospitali ile kiko mwisho wa ukumbi mrefu, baada ya dirisha la dawa na kabla ya choo, ndiyo maana nusu ya wanaogonga mlango wake hawaumwi kitu. Wamebanwa tu. Mwanamke aliyefanya kazi humo tangu ujana wake aliwaelekeza wote kwa upole uleule, kisha akarudi kwa mgonjwa aliyelala kitandani na kuendelea na hadithi pale ilipokatikia.

Wenzake walimwita Redio. Si kwa umbea. Siri za watu zilimkaa tumboni kama mawe kisimani. Walimwita hivyo kwa sababu alipima huku akiongea. Mkono wa kulia unapitisha kile kichwa cha mashine juu ya ngozi iliyopakwa jeli, mkono wa kushoto uko kwenye vitufe, macho kwenye skrini, na mdomo uko kwingine kabisa: bei ya vitunguu, mvua iliyogoma, shemeji yake aliyenunua gari lisilorudi nyuma, ambaye sasa akitaka kuegesha hulazimika kuzunguka mtaa mzima. Mgonjwa anacheka, tumbo linatikisika, picha inavurugika, Redio anamwambia atulie. Mgonjwa anatulia. Watu walitoka humo wakijifuta jeli na kusema kwamba kipimo chenyewe si kibaya kama walivyodhani.

Ila redio ile ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna fundi angeiweza. Ikiona jambo baya kwenye skrini, inazima.

Hakukusudia. Sheria ya idara ni kwamba mpimaji hasemi alichokiona. Anayesema ni daktari, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa na boksi la tishu likiwa mezani. Redio aliitii sheria hiyo maisha yake yote. Hakuwahi kutamka neno. Lakini mama anayesimuliwa habari za shemeji na gari lake, kisha shemeji anaachwa katikati ya mtaa na chumbani inasikika mashine tu, hahitaji shahada kujua kwamba kuna kitu. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, na hao hawakuwahi hata kuiona ultrasaundi.

Mtu aliyekijua kimya hicho kuliko wote alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa ubaridi katika kituo cha data, na mtaani walimwita Bwana Baridi. Hiyo ni kazi ngumu kuieleza msibani au kwenye kikao cha harusi. Watu wanaambiwa picha zao ziko kwenye wingu, wao wanatazama juu. Bwana Baridi alikuwa na subira ya kuwashusha. Wingu, aliwaeleza, ni jengo. Halina madirisha, lina uzio, lina walinzi wasiocheka, na ndani yake mna kabati nyingi za chuma zilizojaa mashine zinazoitwa seva. Seva ni kama watoto wa shule: zikikaa nyingi chumba kimoja zinatoa joto. Kazi yake ni kulitoa joto hilo kabla hazijaanza kuzimia.

"Kwa hiyo wewe ni feni," shemeji wa gari aliwahi kumwambia.

"Mimi ndiye ninayeziambia feni cha kufanya. Feni ni wewe, unazunguka mtaa mzima ndiyo uegeshe."

Picha za hospitali, pamoja na zote alizowahi kupiga Redio, zililala katika jengo hilohilo. Bwana Baridi alilipenda jambo hilo. "Unazipiga wewe, nazilaza mimi," alimwambia mkewe. Hakuweza kuziona, na wala hakuwa na haja. Zilikuwa zimefungwa kwa msimbo, kabati zina kufuli, na kufika kwenye kabati ni lazima upite kijichumba cha milango miwili ambapo wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe na kidole chako kitambuliwe. Aliishi miaka yote hiyo hatua chache kutoka kwenye matumbo ya mji mzima bila kuona hata moja. Alichokipata ni joto lake tu, likimpuliza usoni nyuma ya kabati.

Jioni, Redio akirudi, mumewe alimuuliza swali lake la kila siku huku akimwekea chai.

"Leo umezima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mtoto?"

"Mtoto."

Basi. Hakuuliza zaidi. Alimsogezea sukari. Siku ambazo jibu lilikuwa "sijazima," walikunywa chai yao wakigombania rimoti kama wanadamu wengine. Walikuwa na binti mmoja, ameolewa nchi ya jirani, safari ya siku mbili kwa basi, na nyumba bila mtoto huachia watu wawili nafasi kubwa ya kujuana. Walijuana sana. Ndiko kulikowaponza.

Mwaka huo Bwana Baridi alikuwa na mambo mawili ya kungojea. La kwanza ni mjukuu. Binti alikuwa mjamzito, na baba mtu alikwishaomba likizo aende akae naye mpaka ajifungue, kwa kuwa mkwe alikuwa mtu wa safari na mama mtu asingepata ruhusa mapema. Binti alimwandalia chumba. Alimpigia simu kumwuliza kama godoro liwe gumu au laini, naye akasema lolote isipokuwa la maji.

La pili ni mradi wake. Kwa miaka mingi aliwaambia wakubwa zake kwamba kituo kinakula umeme bure. Ukumbi wote unapozwa kama bucha, alisema, wakati mashine zenyewe zinahitaji hewa ya ubaridi wa wastani mbele yake tu. Zibeni matundu kati ya kabati, tengeni njia ya hewa baridi na njia ya hewa moto kwa kuta za plastiki, kisha pandisheni joto la ukumbi taratibu. Nusu ya viyoyozi vitalala. Wakubwa waliogopa. Mtu aliyezoea kutetemeka akiambiwa avue koti hudhani anatakiwa afe. Lakini bili ya umeme ilipanda, na ujasiri wa wakubwa hupanda pamoja na bili. Walikubali. Mradi ukaanza, akawekwa yeye kuusimamia, huku akiwa amepanga kumwachia msaidizi wake siku za mwisho atakapokwenda kwa binti.

Katikati ya hayo yote akaanza kupata homa za jioni na maumivu chini ya mbavu za kulia. Suruali ikaanza kumlegea. Alisema ni kwa sababu ya kupanda ngazi. Redio akamburuta hospitali.

Aliyempima mara ya kwanza alikuwa dada mmoja mwenye miwani, mwenzake Redio wa zamu. Aliona doa moja la mviringo kwenye ini, jeusi jeusi. Daktari mrefu wa idara akasema huenda ni jipu, mambo hayo yapo, yanatibika: wataingiza sindano wakiongozwa na picha, wavute usaha, wampe dawa, akapande ngazi zake. Bwana Baridi alifurahi kusikia ana jipu kama mtu aliyesikia ana kiwanja.

Desturi ya chumba kile ni mikono minne. Daktari anashika sindano, mpimaji anashika kichwa cha mashine, na wote wawili wanaitazama ncha ya sindano kwenye skrini, kijistari cheupe kinachoshuka gizani. Mpimaji akiteleza kidogo, ncha inapotea, na daktari anakuwa mtu mwenye sindano ndefu asiyejua iko wapi. Kwa hiyo daktari mrefu alimpenda sana Redio. Mkono wake haukuteleza.

"Shoga, huyu niachie mimi," dada wa miwani alimwambia asubuhi ya siku ya sindano. "Mtu hampimi mumewe."

"Nani kasema?"

"Sheria imesema."

"Sheria haijaolewa."

Dada wa miwani alicheka, na kucheka kwake kukahesabika kuwa ruhusa. Daktari alisita kidogo, akamtazama mgonjwa. Mgonjwa akasema, "Daktari, mimi mkono wa huyu ndio niliouzoea. Mwingine utanitekenya." Ikaisha hivyo. Baadaye Redio alijiuliza mara nyingi ni mapenzi au ni majivuno yaliyomsimamisha pale. Alijibu kwamba ni mapenzi, kisha akakumbuka jinsi alivyokuwa amevaa glavu kabla hajaulizwa.

Alimpaka jeli. Akaanza na shemeji, kwa kuwa shemeji alikuwa hana mwisho: sasa ameamua kuliuza gari, na anayetaka kulinunua anataka kulijaribu. Bwana Baridi, amelala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, alikuwa ameshaanza kutabasamu. Skrini ilitazama upande wa daktari. Yeye alikuwa na uso wa mkewe tu.

Redio akalitafuta jipu. Akalipata lile doa, akalizungushia picha, akabonyeza. Usaha ukibonyezwa huelea, hucheza kama uji kwenye bakuli. Doa halikucheza. Lilikaa, gumu, na pembeni yake kulikuwa na jingine ambalo dada wa miwani hakuliona, na juu ya hilo jingine, halafu madogo madogo, yametawanyika ini zima kama mbegu zilizopandwa kwa kurusha. Alikuwa ameyaona hayo kwenye maini ya watu wengi kuliko angeweza kukumbuka. Hakuhitaji maabara. Maabara huwa inamwambia jina tu.

Daktari naye aliona. Alibadilisha sindano, akachukua ile ya kunyofoa kinyama kidogo. Ikaingia.

Hapo ndipo penye hatari. Ini hupanda na kushuka na pumzi. Mgonjwa akishtuka, akivuta pumzi ya hofu, ini linaruka na sindano imo ndani yake. Mgonjwa huyu hakuwa na haja ya kuiona skrini ili ashtuke. Ilitosha mkewe azime. Miaka yote ya chai na sukari, Redio alikuwa amemfundisha mwenyewe maana ya kimya chake.

Redio hakuzima.

"Basi mnunuzi akaingia kwenye gari," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata yeye mwenyewe ilimshangaza. "Shemeji akamwambia, endesha tu mbele, barabara ni nzuri mbele. Usipumue hapo, mzee. Haya, pumua. Yule akaendesha mbele, akaendesha, akafika kwenye ukuta wa shule."

Bwana Baridi alitikisika kwa kicheko cha ndani, cha mtu aliyekatazwa kucheka. Ncha ilikaa mahali pake. Daktari akavuta, akatoa, akarudia. Redio alimalizia hadithi, akaanza nyingine, akasimulia mpaka plasta ilipobandikwa. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Daktari alimsifu.

Nje mlangoni, mgonjwa akiwa anavaa shati, daktari alimwuliza kwa sauti ya chini, "Nimwambie mimi au utamwambia wewe?"

"Mimi."

"Majibu ya maabara ni kama wiki mbili."

"Nitamwambia kabla."

Wakiwa kituoni wanangoja basi, Bwana Baridi alikuwa amelishika tumbo lake kama mtu aliyebeba keki. "Umenisimulia mpaka basi," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi, unajua. Nikasema, ngoja nimsikilize huyu. Ukizima tu, nimekwisha. Wewe hukuzima hata sekunde." Kisha, kwa furaha iliyomfanya aonekane kijana, akamwambia yule mama aliyeketi karibu, asiyemjua, "Mke wangu ni redio."

Redio angeweza kusema pale. Basi lilikuja.

Jioni ile mumewe alikula sahani nzima, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kesho yake alipiga mluzi akinyoa ndevu. Furaha nayo ni dawa, ingawa haijasajiliwa. Hata homa ilipungua. Redio alimtazama akasema nitamwambia Ijumaa. Ijumaa ilipofika aliona haifai kumharibia mtu mwisho wa wiki. Na ndani kabisa, mahali ambapo hata yeye hakupaangazia taa, alikuwa anaomba. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba awe hajui kazi yake. Aliomba maabara imwite mjinga.

Jumatatu mumewe alirudi kutoka kazini na habari.

"Nimeahirisha likizo," alisema. "Si ndefu. Mradi umechelewa wiki hii na ijayo, kuta za plastiki zimekuja fupi. Nikiondoka sasa msaidizi wangu atapandisha joto kama anachemsha maharage. Nitawasha mwenyewe, halafu ndiyo niende."

"Na binti?"

"Nimeongea naye. Amenuna kidogo. Nimemwambia mjukuu hatakimbia, hana hata miguu bado."

Redio alikuwa amesimama mbele ya sinki. Alifungua bomba, akalifunga.

"Nenda tu," alisema. "Kazi haiishi. Nenda kwa mtoto."

"Ningekuwa naumwa ningekwenda, nisingesubiri. Lakini kwa kijipu?" Akambusu shavuni, akaenda kutafuta rimoti.

Mwanya ulikuwa pale, mpana kama mlango wa ghala. Alitaka kupita. Lakini kusema sasa ni kusema pia kwamba siku ile alijua, kwamba soga ile ilikuwa ya kushikilia ini lisiruke, na kwamba alimdanganya mtu aliyemwamini kuliko skrini, akiwa amelala chali na sindano mwilini. Siri ya wiki moja ilikuwa imeshazaa. Alisema kesho.

Siku ya kuwasha mradi, wafanyakazi waliruhusiwa kuleta mtu mmoja wa familia. Mlinzi asiyecheka alimwandika Redio, akamvisha kitambulisho cha mgeni, akamnyang'anya simu. Wakaingia kijichumba cha milango miwili, yeye na mumewe, wakisubiri wa kwanza ufungwe. Palikuwa na ukimya wa ajabu humo, na nafasi ya watu wawili. Redio akavuta pumzi aseme. Mlango wa pili ukafunguka.

Ndani, feni zilinguruma. Walikuwa wamepewa viziba masikio, vile vikubwa vya kichwani. Mumewe alimtembeza kati ya kuta mpya za plastiki, akimwonyesha kwa mikono: hapa baridi, kule moto, hapa tumeziba. Alikuwa amekonda, koti la kazi lilimkaa kama limetundikwa msumarini. Alimpeleka nyuma ya kabati moja, akamshika mkono, akauinua kwenye hewa ya joto iliyokuwa inatoka, kisha akajionyesha ubavu wake mwenyewe kwa kidole. Redio alielewa. Picha za hospitali ziko humu. Ini langu nalo limo humu.

Basi akamwambia. Akiwa amesimama pale, viziba vikiwa masikioni mwao wote wawili, alisema kwa sauti yake kamili, "Si jipu, mume wangu. Ni saratani, imejaa ini zima. Niliiona siku ileile. Nenda kwa mtoto."

Mumewe alimtazama mdomo, akatabasamu, akainua kiziba kimoja. "Unasemaje?"

"Nasema pana joto."

"Ndiyo raha yake hiyo," alisema, akakirudisha.

Joto la ukumbi lilipandishwa kidogo kidogo mchana ule. Hakuna mashine iliyozimia. Viyoyozi vikalala kimoja baada ya kingine, na mkubwa mmoja aliyepinga mradi tangu mwanzo alitoa hotuba kuhusu jinsi alivyouamini. Bwana Baridi alipigiwa makofi. Ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote, na nadhani ni lazima iandikwe hivyo, kwa kuwa ilikuwa.

Majibu yalikuja wiki hiyo. Daktari mrefu aliwaita wote wawili. Mlango ulifungwa, tishu mezani. Alianza kwa kusema, "Kama mlivyokwisha kuzungumza nyumbani," akamtazama Redio, akaona kwamba hajamwambia. Kisha akaanza upya, tangu mwanzo, kwa mgonjwa asiyejua kitu.

Bwana Baridi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili ya kifundi, imetokea wapi na inakwenda kasi gani. Imetokea kwenye kongosho, pengine. Inakwenda kasi. Akatikisa kichwa kama mtu anayesomewa mita. Halafu akamgeukia mkewe. Hapakuwa na hasira usoni pake, ingekuwa nafuu.

"Lakini ulikuwa unaongea," alisema.

Daktari akatazama tishu.

Alimweleza nyumbani, yote, sindano na pumzi na ini linaloruka. Alieleza vizuri. Mumewe alikubali sehemu ile. "Hapo ulifanya kazi," alisema. "Sindano ikitoka, je? Kituoni pale? Juzi?" Kisha akasema mwenyewe, kama anayemsaidia mtu mzigo, "Najua. Nilikuwa nafurahi sana." Akasema tukate tiketi.

Walikata za keshokutwa. Alipanga begi mwenyewe, kanzu mpya, na kifurushi cha nguo za mtoto alizozinunua kubwa mno. Lakini manjano yalikwisha kuingia machoni, na usiku mmoja ulitosha kumpunguzia mtu nguvu alizokuwa nazo wiki nzima iliyopita. Asubuhi ya safari alitoka mlangoni, akafika getini, akashika nguzo. Teksi ilikuwa inanguruma. Dereva akatoka kumsaidia begi.

"Mzee, twende taratibu."

"Nakuja," alisema. Hakuja. Alikaa chini pale getini, juu ya begi, akiwa amevaa kofia yake ya safari, na baada ya kitambo dereva akazima injini.

Wiki ile binti alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike. Hakuweza kusafiri na kidonda, wala baba yake hakuweza kukaa kwenye kiti saa nzima. Ilibaki simu ya video. Redio aliishikilia juu ya uso wa mumewe, mkono wake uleule usioteleza, na kule upande wa pili mtu alimshika mtoto mbele ya kioo: sikio, shavu, ngumi iliyofungwa. Picha ikaganda kwenye ngumi.

"Mtandao wenu huo," Bwana Baridi alisema kwa taabu. "Si sisi. Sisi tuko sawa."

"Baba, unamwona?" sauti ya binti ilikuwa inauliza. "Unamwona?"

"Namwona," alisema, akitazama ngumi.

Alikufa kabla kidonda cha binti hakijapona vya kutosha kupanda basi. Mofini, dawa ya maumivu makali, ilimtuliza mwishoni. Alimwomba mkewe akae karibu, akakaa. Walimzika wenzake wa kazini, majirani wa mtaani, na shemeji, aliyekuja kwa miguu na kulia kuliko ndugu wa damu. Mkubwa yule alitoa hotuba nyingine.

Binti alifika baadaye, na mtoto mgongoni. Alikwenda kaburini, akarudi, akapika, akafua mashuka ya baba yake ambayo mama mtu alishindwa kuyagusa. Alikuwa mtulivu kama baba yake. Maswali yake yalikuja bila kupiga hodi. Siku ya tatu walikaa sebuleni adhuhuri, Redio amempakata mjukuu, binti anakunja nguo.

"Mama," alisema, bila kuinua macho. "Aliponipigia kuahirisha. Aliniambia ni jipu. Wewe ulikuwa umeshajua?"

Kulikuwa na majibu mengi karibu. Majibu ya maabara yalikuwa bado. Hakuna anayeweza kuwa na hakika kwa picha. Baba yako alikuwa na furaha sana. Redio aliyapitia yote, yakiwa yote ni ya kweli, akayaacha.

"Nilijua tangu siku ya sindano," alisema. "Wiki nzima kabla hajakupigia."

Binti alikunja shati moja, akalinyoosha mikono, akaliweka juu ya mengine. "Nilimtandikia kitanda," alisema. "Kila siku asubuhi nilikuwa natoa shuka nalikung'uta, nikisema leo atasema anakuja."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ngoja kwanza, mama."

Aliinuka, akaja, akaingiza mkono mmoja chini ya kichwa cha mtoto na mwingine chini ya makalio, akamchukua kutoka mapajani mwa bibi yake kwa uangalifu mkubwa asije akamwamsha.

"Nikambadilishe," alisema.

Mtoto alikuwa mkavu. Redio alikuwa amempakata tangu asubuhi, alijua. Alimsikia binti akivuka ukumbi mdogo, akaingia chumba cha nyuma, na mlango ukafungwa polepole, mpaka kitasa kikashika, kama anavyofunga mgeni aliyelala kwenye nyumba ya watu.